Milango mitatu ya kuingilia mchezo mkongwe wa kuigiza: kundi la zamani, kundi jipya au mtandaoni

Anayetaka kujua bao hapa kwetu hana haja ya kuomba ruhusa. Husimama pembeni mwa baraza, akatazama namua na mtaji siku baada ya siku, akacheka wanapocheka wenziwe, na ipo siku mmoja wa wachezaji huondoka kwenda kusali na yeye akaambiwa akae. Hata akifungwa vibaya, kete zote 64 hupangwa upya na madeni ya jana yakafutika. Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule uliotoka Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons na kuzaa ukoo mzima wa michezo mingine, haufuti kitu. Kundi likicheza hadithi moja kwa miaka mitatu, kete za mwaka wa kwanza bado zimo mashimoni, ila mgeni hazioni, kwa sababu mashimo yenyewe ni vichwa vya wachezaji.

Kwa asiyeujua kabisa, mchezo wenyewe huenda hivi. Mtu mmoja ni mtambaji: yeye huueleza ulimwengu, huwasemea maadui na wapita njia, na huamua matokeo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji au mchawi au mwizi, na husema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, mchezaji hutupa dadu ya pande 20, akajumlisha na umahiri wa mhusika, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, amefaulu. Hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao wenyewe huiita kampeni, neno ambalo hapa kwetu lina kelele zake nyingine za kila miaka mitano, kwa hivyo katika makala hii nitaiita mkasa.

Mgeni ana milango mitatu. Anaweza kujiunga na kundi lenye mkasa wa miaka, anaweza kukusanya wageni wenzake wakaanza upya, au anaweza kucheza na watu wa mbali kupitia intaneti. Nimepita yote mitatu, na nimeona kuwa hakuna uliokosa mzigo. Tofauti ni mzigo gani unautwika na nani anakusaidia kuuinua.

Vigezo

Nitaipima milango hii kwa mambo matano. La kwanza ni yaliyopita: ni mangapi yametokea kabla yako ambayo unatarajiwa kuyajua. La pili ni kanuni, yaani namna utakavyojifunza taratibu za mchezo na toleo lipi litatumika. La tatu ni lugha, kwa kuwa vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza ilhali mazungumzo mezani si lazima yawe hivyo. La nne ni gharama na vifaa, na la tano ni wakati na mahali.

Liko jambo moja nililoliacha nje ya vigezo kwa sababu linagusa milango yote. Wapo wazee na masheikh wasioridhia dadu kwa hali yoyote, hata pasipo kamari, ingawa ludo inachezwa katika nyumba nyingi. Wapo pia wazazi wanaoshtuka wanaposikia mchezo una majini na mashetani. Simo katika kutoa hukumu. Mwenye shaka amuulize anayemwamini, na afanye hivyo kabla ya kuwaalika watoto wa watu.

Kundi la zamani

Yaliyopita. Hapa ndipo mgeni anapoumia, na ndiyo maana nitakaa zaidi. Nilijiunga na kundi moja la Unguja lililokuwa limeshacheza zaidi ya miaka mitatu. Nilikuwa nimezisoma kanuni, nimemtengeneza mhusika wangu, na nimemwandikia hata historia ya ukoo wake kwa kurasa mbili. Katika kikao cha kwanza mtambaji, ambaye wote walimwita Maalim, alisema maneno mawili tu: "Mumefika darajani." Watu watano wakanyamaza. Mmoja akaiweka chini bilauri yake ya chai. Nami nilikuwa na mzaha wangu tayari juu ya ushuru wa daraja, nikaumeza.

"Maalim, hapo darajani pana nini?"

"Ndipo tulipomzika nahodha," alinijibu bila ya kuniangalia.

Ilinichukua mpaka kikao cha sita kufahamu kuwa nahodha alikuwa mhusika wa kijana aliyehamia Maskati, na kwamba mtambaji alimuua kishujaa darajani ili kumuaga mwenyewe. Kimya kile hakikuwa cha mchezo peke yake. Hakuna kitabu cha kanuni ambacho kingenieleza hayo, na wala wenzangu hawakunificha kwa ubaya. Mtu hakumbuki kueleza jambo ambalo kwake ni la nyumbani.

Faida yake ni kwamba hadithi ikishakukubali, ina uzito ambao kundi jipya halitaupata kwa miaka. Nilipolivuka daraja lile kwa mara ya pili, mwaka mmoja baadaye, nami nilinyamaza.

Kanuni. Utajifunza kwa kukaa karibu na wanaojua, jambo ambalo ni wepesi mkubwa, lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni daraja la mhusika, yaani kiwango cha uwezo wake. Wahusika huanza daraja la 1 na hupanda hadi la 20, na kundi la zamani aghalabu liko katikati ya ngazi hiyo. Mchawi wa daraja la 1 huwa na pointi 8 hivi za uhai, wakati mpiganaji wa daraja la 9 anaweza kuwa na 76. Adui wa kiwango cha mpiganaji yule akirusha tufe la moto, madhara yake ni dadu 8 za pande 6, yaani wastani wa pointi 28. Kwa kanuni za toleo la tano la mchezo, lililotoka 2014, madhara yakikumaliza uhai na ziada yake ikafikia uhai wako kamili, unakufa papo hapo. Kwa hivyo mchawi wako mgeni atakufa kabla hajasema jina lake. Omba uanze katika daraja la wenzako au chini yake kidogo. Ukikubaliwa, usichague mchawi: mchawi wa daraja la 9 kwa vitabu vya 2014 ana angalau uganga 22, yaani matendo ya kichawi, katika daftari lake, na kila mmoja una maelezo yake, wakati mpiganaji wa daraja hilo hilo ana mambo machache ya kukumbuka na bado ni tegemeo la kundi.

Mtego wa pili ni matoleo. Mchezo huu umefanyiwa marekebisho makubwa mara kadhaa: toleo la pili lilitoka 1989, la tatu 2000, la nne 2008, la tano 2014, na vitabu vya toleo la tano vikaandikwa upya kuanzia 2024. Mgeni hununua kitabu kipya kabisa akidhani amefanya vyema, kisha akakuta kundi zima limebaki na vile vya 2014. Tofauti nyingine ni ndogo, lakini zinakera: nyongeza za uwezo wa mhusika, ambazo zamani zilitokana na asili yake ya kuzaliwa, sasa zinatokana na maisha aliyoyaishi kabla ya safari, na uganga wa kwanza wa kutibu majeraha, uliokuwa ukitupwa dadu moja ya pande 8, sasa unatupwa mbili. Ukikaa na wakongwe zaidi, utamkuta anayeendelea kusema kuwa namba ndogo ya kinga ndiyo bora, kwa sababu katika toleo la pili hesabu ilikwenda kinyume na ilivyo leo. Uliza toleo kwanza, kisha ndipo utoe pesa.

Lugha. Kundi la zamani hapa kwetu huwa limeshatafsiri kanuni kwa midomo bila ya kukusudia. Mazungumzo ni Kiswahili kitupu, na istilahi zimepata majina ambayo hayamo kitabuni: langu lilisema "tupa kificho" kwa kunyemelea na "jiokoe" kwa kukwepa madhara. Kwa asiyekipenda Kiingereza huu ni mlango wenye raha kuliko yote, ila andika kijikamusi chako tangu siku ya kwanza.

Gharama na vifaa. Karibu bure. Vitabu na dadu vipo, na unachotakiwa kuja nacho ni penseli na, kwa adabu, kitu cha kutia mdomoni watu wote, visheti au karanga.

Wakati na mahali. Ratiba imeshapangwa na haitabadilishwa kwa ajili yako. Vikao vingi ni baada ya Isha, na Ramadhani huanza baada ya tarawehe na kwenda mpaka karibu na daku. Kwa mtoto wa kike anayeishi kwao, saa hizo peke yake zinatosha kuufunga mlango huu, na sijaona makundi ya wanaume yakilifikiria sana jambo hilo.

Unamfaa nani. Mtu mwenye subira, anayependa kusikiliza, asiyeona haya kuuliza, na ambaye tayari ana rafiki mmoja ndani. Bila ya rafiki huyo wa kukunong'oneza, miezi mitatu ya mwanzo ni mirefu.

Kundi jipya

Yaliyopita. Hayapo. Mkasa unaanzia nanyi, na kila mzaha utakaochekwa baada ya miaka miwili utakuwa umezaliwa mbele yako.

Kanuni. Mzigo wote umehamia hapa, na haukugawanyika sawa: umemwangukia atakayekubali kuwa mtambaji. Kosa nililolifanya nilipoanzisha kundi langu na vijana wenzangu wanne lilikuwa kuanza na kitabu kikuu cha wachezaji, chenye kurasa 320 katika chapa ya 2014 na 384 katika ile ya 2024. Hakuna aliyekimaliza, nami nikiwemo. Tulipobadilisha tukachukua kanuni za msingi za 2014 zilizotolewa bure, zenye fani nne tu za kuchagua, yaani mpiganaji, mwizi, kuhani na mchawi, tulianza kucheza jioni ile ile. Mwaka 2014 lilitoka pia sanduku la wanaoanza, lenye kijitabu cha kanuni, kisa kamili cha kurasa 64, wahusika watano waliokwisha tengenezwa na dadu sita, na limetungwa kwa ajili ya madaraja matano ya mwanzo tu. Kwa mtambaji mgeni, kupewa kisa kilichokwisha andikwa ni nusu ya kazi.

Mtambaji huyo asidhani anaanzia patupu. Aliyekuwa akiitikia "Pakawa!" kwa bibi yake anajua tayari pa kunyamaza na pa kukata hadithi watu wakitaka zaidi. Kilichobaki ni hesabu.

Lugha. Hapa mnayo nafasi ambayo makundi ya zamani hayakuwa nayo. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano imetolewa kwa leseni ya Creative Commons, na kanuni zilizorekebishwa zikafuata kwa leseni hiyo hiyo mwaka 2025. Maana yake ni kwamba mnaruhusiwa kisheria kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzichapisha kwenye duka la fotokopi na kuzigawa, ilimradi mtaje zilikotoka kama leseni inavyoagiza. Kundi letu lilitafsiri kurasa kumi na mbili tu, zile za vita na za kutibu majeraha, na zikatutosha mwaka mzima.

Gharama na vifaa. Mkitaka vitabu vyote vitatu vikuu, kila kimoja kilitoka kwa bei ya takriban dola 50 za Marekani, bado hamjamtafuta msafiri wa kuvileta. Nashauri msivinunue mpaka mmecheza miezi sita. Dadu ya pande sita hupatikana katika seti yoyote ya ludo, lakini ya pande 20 ni adimu madukani. Sisi tulitumia karata. Mnachukua kopa kuanzia ree mpaka kumi, hizo ni 1 hadi 10. Mnachukua shupaza kuanzia ree mpaka kumi, hizo ni 11 hadi 20. Nyingine zote mnaziweka kando. Anayetaka "kutupa" huchomoa moja, na lazima karata irudishwe na zichanganywe upya kila mara, kwani mkiziacha zipungue, bahati ya mwisho itaweza kuhesabiwa. Siku mtu alipochomoa kumi ya shupaza mbele ya joka, karata ilipigwa chini kwa kishindo cha mtu aliyekula seti katika mchezo wa karata wa wahed wa sitini, jambo ambalo dadu haliwezi kukupa.

Wakati na mahali. Mnapanga wenyewe, baada ya Alasiri kama kuna wanaotakiwa kurudi nyumbani mapema, na nyumbani kwa mmoja wenu badala ya barazani. Baraza ni pazuri kwa bao, lakini mtu mzima anayeiga sauti ya bibi kizee wa msituni mbele ya wapita njia anahitaji moyo mgumu. Umeme ukikatika, taa ya chaji inatosha na hadithi inanoga zaidi. Hatari kubwa ni kusambaratika: kundi jipya halina mazoea ya kulishikilia, na mara nyingi mitihani ya skuli, harusi mbili na msimu wa karafuu huko Pemba vinatosha kulivunja.

Unamfaa nani. Marafiki watatu au wanne wanaojuana tayari, khasa wakiwa na mmoja wao mpenda kusimulia. Haumfai mtu ambaye anataka kucheza tu na hataki kuandaa chochote, kwa sababu wiki mbili zikipita ataangaliwa yeye.

Mtandaoni

Yaliyopita. Yanategemea meza uliyoipata. Kuna mikasa mirefu yenye pengo moja la mchezaji, na humo mgeni atakutana na yale yale ya darajani, tena bila ya kuona nyuso. Kuna pia mpango wa wachapishaji wenyewe uitwao Adventurers League, ulioanza 2014, ambao humo visa vingi ni vifupi, mhusika huanza daraja la 1 na huhama naye kutoka meza hadi meza. Kwa kigezo hiki, huo ni wepesi kuliko hata kundi jipya.

Kanuni. Majukwaa kama Roll20 hukujumlishia hesabu: unabonyeza neno la shambulio na jumla inatokea. Hilo ni rehema na ni kasoro. Nilicheza miezi minne bila ya kujua namba zangu zinatoka wapi, na nilipokaa mezani na karatasi halisi niliaibika.

Lugha. Kiingereza, tena cha haraka, chenye mizaha ya kwao. Anayeona shida kusema anaweza kutafuta meza za maandishi, ambapo kila mchezaji huandika kitendo chake mara moja kwa siku na mtambaji hujibu. Kisa cha jioni moja huko huchukua wiki kadhaa, lakini unapata muda wa kufikiri na wa kufungua kamusi.

Gharama na vifaa. Kanuni za bure na akaunti ya bure zinatosha. Gharama halisi ni bando, na mazungumzo ya sauti kwa saa tatu kila wiki yanalila. Wapo pia watambaji wanaolipisha kwa kikao. Uliza kabla ya kukaa.

Wakati na mahali. Fanya hesabu kwa saa zetu. Kikao cha saa moja usiku mashariki mwa Marekani ni saa tisa usiku hapa, au saa nane wao wanaposogeza saa zao mbele; ukimaliza, adhana ya Alfajiri imekukuta macho. Kikao cha saa hiyo hiyo London ni saa nne usiku, au saa tatu kwa saa zao za kiangazi, na hilo linawezekana. Cha saa tatu usiku nchini India huangukia saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani Magharibi hasa. Mtandao ukikatika mhusika wako husimama kama nguzo katikati ya vita, na wasiokujua hudhani umewakimbia. Wazazi nao wajue mtoto anazungumza na nani.

Unamfaa nani. Mtu aliye peke yake, mwenye Kiingereza cha kutosha na usiku ulio wake; pia mwanamke ambaye saa na mahali pa makundi ya mtaani havimruhusu. Meza za maandishi zinamfaa mwenye mtandao dhaifu kuliko mwengine yeyote.

Kwa kufuata hali yako

Ikiwa kuna kundi la zamani karibu nawe na una rafiki ndani yake, zungumza na mtambaji kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Muulize mambo manne: wanatumia toleo gani, wako daraja la ngapi, nani amekufa, na nani ameondoka. Mwombe pia mhusika wako awe mgeni katika hadithi yenyewe, baharia aliyeokotwa au mfungwa aliyefunguliwa, ili kila unapouliza swali, mhusika naye awe na haki ya kuuliza. Mimi sikufanya hivyo, na kurasa zangu mbili za historia ya ukoo hazikusomwa na mtu.

Ikiwa huna rafiki ndani lakini mnajuana watatu nje, anzeni wenyewe na kanuni za bure, na mkubaliane tangu mwanzo kuwa mkasa wa kwanza ni wa vikao sita tu. Mkivimaliza, mtaamua kama mnaendelea. Mtambaji apokezwe baada ya hapo, asichoke peke yake.

Ikiwa uko Wete au Mkoani na hujui mtu hata mmoja anayeucheza, anza na meza ya maandishi kwa miezi miwili au mitatu, si kwa ajili ya kukaa huko bali ili upate kuona mtambaji mzuri anavyofanya, kisha mwite jirani.

Na ikiwa umeshaingia kundi la zamani na umekwama, usitoke kwanza. Omba kikao kimoja cha pembeni, wewe na mchezaji mmoja mkongwe na mtambaji, kichezwe tukio la zamani ambalo wote wanalitaja. Maalim alikuja kunifanyia hivyo baadaye kwa lile daraja: nilipewa nafasi ya askari mdogo aliyekuwapo siku nahodha alipokufa, nikatupa dadu mbili tu usiku mzima, na ya pili nilikosa.